Kichuguu cha Netiweki

Simu tulipewa sisi, lakini netiweki ilikuwa kwa jirani. Ilikuwa juu ya kichuguu chake, si kando yake wala chini yake. Ukipanda mpaka kileleni na kuuelekeza uso wako Webuye, ndipo vile vijiti vidogo vilijitokeza kwenye kioo. Ukishuka kidogo tu, vimepotea. Na kwetu kichuguu si udongo tu. Kichuguu kina mwenyewe, kama vile ng'ombe ana mwenyewe, kwa sababu ya kumbikumbi wanaotoka humo, ambao ni chakula na ni pesa. Mtu akifa, watoto wake hugawana mashamba na vichuguu.

Nyumbani ni upande wa Bokoli, mahali ambapo mto unaoshuka kutoka mlimani hugawanyika na kuungana tena huko chini. Katikati ya mikono hiyo miwili ndipo tulipokaa na kulima. Watu wa nje walipaita Kisiwa kwa mzaha, kwa sababu wakati wa kiangazi mkono mmoja unauruka bila kulowesha nguo. Mvua ya mlimani ikija, mzaha unaisha. Daraja letu lilikuwa magogo mawili yaliyopigiliwa mbao, na maji yakipanda hulimeza daraja kwanza, kabla hayajafika kwenye nyumba. Ukichelewa kuvuka, umebaki.

Mafuriko ya mwaka uliotangulia yalitukuta na kukhu ndani ya nyumba. Kukhu ni nyanya yangu, mama yake baba, na miguu yake ilikuwa imekataa kutembea. Tulimkalisha juu ya meza, meza tukaipandisha juu ya kitanda, na baba akasimama ndani ya maji akiishikilia mpaka maji yalipopungua. Kukhu hakulia. Alisema tu kwamba akifa asizikwe karibu na mto. Tangu siku hiyo baba alikuwa na neno moja: safari nyingine, mama yake atavuka daraja kabla ya maji. Kwa hiyo yote nitakayoyasema hapa, ya simu na ya kichuguu na ya yule kijana wa mlimani, yalikuwa juu ya jambo hilo moja, kukhu kuvuka yale magogo akiwa mkavu.

Watu wa mradi walikuja na gari jeupe wakatukusanya uwanjani mwa kanisa. Walisema watatoa simu mbili. Moja itakaa Kapsokwony, huko juu mlimani, karibu na mto unakotokea, na nyingine itakaa kwetu. Mwenye simu ya juu akiona mto umechafuka atatujulisha, nasi tutahama mapema. Watu walisikiliza wakiwa wamekunja mikono.

"Bure?" mzee mmoja akauliza.

"Bure, mzee."

"Mtu akinipa mbuzi bure, mimi huangalia kwanza anakohoa namna gani."

Watu walicheka, lakini hawakuwa wanacheka kweli. Miaka ile maneno ya mashamba yalikuwa mengi. Watu wa juu na watu wa chini walikuwa wakisalimiana huku kila mmoja akiitazama mikono ya mwenzake. Wengine walinong'ona kwamba simu ile ina sikio na itayabeba yote tunayosema. Wengine walisema tutapigiwa ati maji yanakuja, tutatoka mbio, na tukirudi tutakuta vigingi vimepigwa kwenye mahindi yetu.

Nilichaguliwa mimi kuishika. Nilikuwa msichana aliyemaliza darasa la nane na kubaki nyumbani. Nilisoma vizuri, ingawa polepole, lakini nilikuwa na haya hata salamu ilinitoka kwa shida. Hiyo haya ndiyo waliyoitaka.

"Huyu hawezi kumaliza kredo ya simu," mwenyekiti wa kijiji akasema, na watu wote wakanigeukia. Mimi nikaangalia vidole vyangu vya miguu.

Tulifunzwa Kitale, katika ukumbi ulio nyuma ya soko. Baba hakuwa amealikwa, lakini alikuja. Aliketi kando yangu na kofia yake magotini, akimkagua kila aliyeingia. Mshika simu wa Kapsokwony alipofika, tuliona ni kijana wa pikipiki, mwenye koti la mvua na matope mpaka kwenye magoti. Baba aliinuka, akabeba kiti chake, akaja kuketi katikati yetu.

Mwalimu wa mradi alisema tupatane wenyewe njia rahisi ya kupashana habari. Kijana akasema, "Kule kwetu kadi za kredo zinaletwa siku ya soko tu. Zikiisha, zimeisha. Mimi nitakuwa naflashi." Yaani atapiga, simu yetu ilie mara moja, kisha akate kabla haijapokewa, na kredo yake ibaki salama. Kila Jumapili mchana ataflashi mara moja, ya kujulisha kwamba simu zote mbili ni nzima. Siku ya hatari ataflashi mfululizo bila kuacha.

"Lakini usishike," akaniambia, akiinama ili anione ng'ambo ya baba. "Ukishika unakula kredo yangu. Siku ya maji nitakuwa na simu kama jiwe."

Nilitikisa kichwa kukubali.

"Kwenu nani hawezi kukimbia?"

"Kukhu," nikasema, kwa sauti ndogo.

"Aah, anaongea!" akacheka.

"Anaongea na watu wa kwao," baba akamjibu.

Siku chache baadaye baba alinipeleka Bungoma, kwa mfanyabiashara mmoja aliyekuwa akitengeneza simu karibu na msikiti. Alikuwa mtu mpole mwenye kofia nyeupe na bisibisi ndogo kama sindano. Baba aliiweka ile simu juu ya kioo cha meza.

"Fungua."

"Ina shida gani, mzee wangu?"

"Wewe fungua, tuone."

Akaifungua. Akatoa betri, akatoa laini, akaonyesha.

"Na hicho kidogo cheusi?"

"Hapo ndipo sauti yako inaingilia."

Baba akanitazama kama mtu aliyethibitisha jambo. "Umesikia? Nilisema ina sikio."

"Mzee wangu, simu isiyo na sikio utaongea nayo aje?"

"Inasikia hata ikiwa imezimwa?"

Yule mtu alikifuta kioo cha simu kwa shati lake, akaifunga, akabonyeza kitufe cha kijani kuijaribu, akakataa malipo. Njia nzima ya kurudi baba alikuwa akijiuliza kwa nini amekataa malipo.

Basi nikaanza kupanda kichuguu. Niliitafuta netiweki mahali pengine pote kwanza, juu ya ghala, juu ya mawe ya kufulia, hata juu ya choo kipya cha kanisa. Hakukuwa na kitu. Jirani alikuwa mzee wa mbavu nyembamba, mjane, ambaye baba alikuwa akiazimana naye jembe na lawama. Jioni ya kwanza alinikuta kileleni.

"Unatafuta nini huko?"

"Netiweki."

"Netiweki inakaa kwa kichuguu yangu tangu lini?"

"Sijui, mzee."

"Na ikikaa kwangu, si ni yangu?"

Nikashuka. Kesho yake nilikuta amezungushia miiba. Alimwambia baba kwamba sitafuti netiweki yoyote, ninaangalia matundu ya kumbikumbi yako wapi, ili mvua zikianza tumtangulie. Baba alikasirika, lakini alikuwa anamfikiria kukhu, kwa hiyo alinywea. Walipatana hivi: nitapanda jioni, na Jumapili mchana, peku, na mwenye kichuguu akiwa ameketi hapo anatazama. Miiba ikafunguliwa mahali pamoja, upana wa mtu mmoja. Kila nilipopanda alinihesabia hatua kwa macho.

Jumapili ya kwanza simu ililia mara moja ikanyamaza. Nilishuka nikamwambia kukhu, "Simu ni nzima," naye akasema, "Isalimie." Jumapili ya pili vivyo hivyo. Halafu ikaflashi jioni moja katikati ya wiki, mara moja tu. Hiyo haikuwa katika mapatano. Nilisimama pale juu nikiitazama. Mto ulikuwa mwembamba na safi. Nilijiuliza kama amekosea, au anajaribu simu, au kama ni kitu kingine. Kusema kweli mimi pia nilianza kumshuku, ingawa sikujua ninamshuku kwa jambo gani. Juma lililofuata ikaflashi tena katikati ya wiki, na mimi nilikuwa nimefika kichuguuni mapema kuliko kawaida.

Jirani aliyaona hayo yote, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuona. Akaenda kwa baba.

"Ile simu ya maji," akasema, "mbona inalia na hakuna mawingu?"

"Inalia Jumapili."

"Bana, mimi ndiye mwenye kichuguu. Inalia Jumatano. Na ikilia, msichana wako anaangalia chini, hivi." Akaonyesha.

Jumamosi jioni baba alinifuata. Sijui kwa nini kijana yule aliflashi Jumamosi ile. Sijawahi kumuuliza. Simu ililia mara moja mkononi mwangu, na kabla haijakatwa baba aliinyakua na kubonyeza kitufe cha kijani, kama alivyomwona yule mtu wa Bungoma akibonyeza.

"Wewe ni nani?" akaifokea.

Nilisikia sauti nyembamba ikitoka ndani. "Mzee, kata. Kata simu, tafadhali, unakula kredo."

"Nikate nini? Sema kwanza unataka nini na msichana wangu!"

"Mzee, si kredo ndiyo hii inaisha..."

"Iishe! Wewe ni mtu wa nani huko juu? Baba yako anajua unapigia watoto wa watu?"

Aliendelea kuuliza mpaka ile sauti ikakatika yenyewe. Kisha akaitia simu kwenye mfuko wa shati, akaufunga kwa kifungo. Jirani, aliyekuwa ameketi kwenye kigoda chake, alitikisa kichwa kwa kuridhika. Walishikana mikono. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi kuwaona wale wawili wakipatana.

Mimi nilikuwa nikiwaza siku ya soko ya Kapsokwony, ambayo haikuwa karibu. Nilishuka nyuma ya baba bila kumwambia.

Jumapili mama hakuwepo, alikuwa ameenda matangani kwao. Tulitoka kanisani jua likiwa kali, anga limeoshwa na mvua ndogo ya jana yake. Hiyo ndiyo hali ambayo kumbikumbi huipenda. Jirani alikuwa amekijengea kichuguu vibanda vya vijiti, akavifunika kwa majani ya migomba na blanketi kuukuu, akachimba mashimo ya kuwanasa. Alikuwa akigonga vijiti viwili taratibu, tak, tak, tak, ili walio ndani wadhani ni mvua.

Baba alikuja na simu. Alitaka kuipokea ile flashi ya Jumapili mwenyewe.

"Panda, mwenzangu," jirani akamwambia, "lakini usikanyage majani."

Baba akapanda kwa ncha za vidole. Alisimama pale kileleni, vibanda vikiwa chini yake. Saa ya flashi ikapita. Badala yake simu ikapiga mlio mfupi. Halafu mwingine. Halafu mwingine tena, kama kifaranga kilichopotea.

"Ni nini hii?" Akaininginiza chini nisome.

Zilikuwa zile jumbe za bure ambazo mtu asiye na kredo huweza kumtumia mwenzake. Zote zilikuwa na neno moja: tafadhali nipigie. Za kwanza zilikuwa za asubuhi, wakati simu ilikuwa imelala mfukoni mwa baba huko chini.

"Ahaa!" baba akasema. "Jana nimemkemea, leo anaomba apigiwe."

"Uchumba wa kuomba," jirani akasema, akacheka mpaka akaacha kugonga vijiti.

Nikasema, "Baba, hana kredo. Ulimaliza jana."

"Na akiwa hana?"

"Hawezi kuflashi. Pengine ni maji."

Baba aliinua mkono kuonyesha anga. Halikuwa na doa. Mto nao ulikuwa unang'aa katikati ya mawe. "Maji yapi? Unataka nimpigie kwa kredo ya mradi ili aongee na wewe?"

Sijui mguu wangu ulipata wapi ruhusa. Nilipanda. Nilikanyaga majani ya migomba, kibanda kimoja kikavunjika, na kumbikumbi wakapanda hewani mbele ya uso wangu kwa wingi. Jirani alipiga ukelele kama aliyeibiwa. Baba alishangaa kuniona karibu naye namna hiyo hata akasahau kuiondoa simu. Nikaichukua mkononi mwake, nikampigia yule kijana mbele yao wote wawili.

"Halo."

"Nani?"

"Mimi. Wa Kisiwa."

"Mungu wangu, mmekuwa wapi? Sikiliza. Mto umepita hapa na miti mizima. Kuna ukuta wa udongo ulikuwa umeuziba huko juu, sasa umeachilia. Mtoe nyanya. Mtoe sasa."

"Huku ni jua."

"Hata huku ni jua! Mvua ilikuwa ya jana, huko juu kabisa."

Nikamuuliza jambo ambalo kila mtu wa chini angeuliza. "Unasema kweli?"

Nilisikia pikipiki yake ikinguruma. "Mwambie mzee wako, kama ni uongo, aje anichape hapa Kapsokwony, mbele ya duka, watu wakiona. Nitamngoja."

Nilimwambia baba hivyo hivyo, neno kwa neno. Uso wake ulibadilika. Sidhani aliamini. Nadhani alipenda ile ahadi ya kuchapa.

"Sawa," akasema. "Nitamvusha mama. Tukikaa ng'ambo na maji yasije, kesho napanda mlima." Akamgeukia jirani. "Tutambeba kwa kiti. Shika upande mmoja."

"Mimi? Niache kumbikumbi wangu? Si ndivyo mmepanga? Mimi nibebe kiti, na nyuma mtu anakusanya!"

"Nani anakusanya? Mke wangu yuko matangani. Binti yangu huyu hapa. Mama yangu hatembei. Nani?"

Jirani alifikiri. Alitutazama mmoja mmoja. Nadhani alitafuta mwizi akakosa. "Nitabeba," akasema, "ili niwaone nyote kwa macho. Na kama ni mchezo, mtanilipa kila kumbikumbi aliyeruka."

Tulimfunga kukhu kwenye kiti kwa leso.

"Mnanipeleka wapi na jua hili?"

"Ng'ambo, mama."

"Nimesali tayari, kwa redio."

Watu wa nyumba nyingine za Kisiwa walitoka wakatutazama. Niliwaambia maji yanakuja, lakini sauti yangu haikufika mbali, na waliosikia walitazama mbingu kisha wakanitazama mimi. Halafu wakamwona aliyeshika kiti upande wa pili. Mama mmoja akasema, "Ngojeni. Yule ameacha kumbikumbi?" Hapo ndipo walipoanza kufunga kuku. Hakuna aliyeiamini simu, lakini hakuna aliyewahi kumwona mzee yule akiacha kichuguu chake siku kama ile.

Kukhu alivuka daraja akiwa mkavu, akilalamika kwamba kiti kinamfinya.

Tuliketi ng'ambo, juu ya mwinuko, na kungoja. Hakuna kilichokuja. Watoto walianza kucheza. Watu walinitazama, kisha wakaitazama simu mkononi mwangu, iliyokuwa haina netiweki na haingeweza kunisaidia. Mtu mmoja alisema huenda sasa hivi kuna watu wanapima mashamba yetu. Baba alikuwa amekunja mikono, macho yake Kapsokwony.

"Kumbikumbi wangu wanaisha," jirani akasema. Akainuka, akashuka mpaka kwenye daraja, akaweka mguu kwenye ubao wa kwanza.

Kwanza maji yalibadilika rangi. Yalikuwa safi, yakawa kama chai ya maziwa. Halafu yakaja majani, halafu kopo, halafu kwa mbali tukasikia kitu kama lori likipanda mlima. Jirani aliurudisha mguu wake. Alirudi kinyumenyume, hakugeuka, akiutazama mto kama anavyomtazama mtu asiyemwamini. Gogo la mti lenye mizizi yake lilikuja limesimama wima ndani ya maji, likalala juu ya daraja letu, na daraja likaondoka nalo.

Baba alimwendea kukhu akakaza fundo la leso, ingawa halikuwa limelegea.

Maji yaliingia ndani ya nyumba, yakabomoa ukuta wa jikoni, yakachukua meza. Ile meza. Tuliiona ikipita, miguu juu. Kukhu aliifuata kwa macho mpaka ilipokata kona.

Kichuguu kilibaki, kilele chake nje ya maji kama kisiwa ndani ya Kisiwa. Daraja lilipotengenezwa tena, jirani hakuondoa miiba, lakini lile pengo alilipanua kidogo. Bado aliketi na kigoda chake. Baba naye alikwenda Webuye akarudi na kadi ya kukwangua, akanipa.

"Mtumie yule," akasema. "Lakini usiongee naye. Mtumie tu."

Nilimtumia. Jumapili simu ililia mara moja. Baba alikuwa chini ya kichuguu, kando ya jirani, wote wawili wameinua nyuso zao.

"Ni yeye?"

"Ni yeye."

"Mara moja?"

"Mara moja. Simu ni nzima."

Baba alitikisa kichwa, akatazama mto, akanitazama mimi. Kukhu aliita kutoka mlangoni akitaka kujua simu imesemaje, nami nikashuka nikamwambia. Jumatano iliyofuata, siku ya ile flashi isiyokuwa katika mapatano, nilipanda tena jioni. Baba alikuwa hapo kabla yangu.